Lubumbashi: Ukijenga anexe za kupangisha, garanti ya mpangaji si pesa yako

Ukipita Katuba, Kenya ama Ruashi wakati wa kiangazi, utaona jambo moja karibu kila avenyu: nyuma ya nyumba ya zamani, ukuta mpya unapanda. Ni anexe. Chumba na saluni, mlango wa chuma, dirisha moja, mabati juu. Wanaojenga si matajiri. Ni walimu, mama wa soko, watumishi wa kampuni za migodi, wajane waliopokea malipo ya mwisho ya mabwana wao.

Sababu zao zinaeleweka. Pango, yaani pesa ya nyumba, hapa Lubumbashi huhesabiwa kwa dola, wakati mshahara wa wengi uko kwa franka. Mtu aliyeona franka zake zikiyeyuka ndani ya sanduku anajiambia kwamba ukuta hauyeyuki. Tena ukuta hauibiwi usiku. Lakini wengi wanaanza na tofali kabla ya hesabu, na hapo ndipo ukuta unaweza kumgeukia mwenyewe.

Nalijua hilo kwa sababu lilitokea nyumbani kwetu.

Mama yangu aliuza unga na makala kwa miaka mingi. Baba alipofariki, alibaki na kiwanja cha Katuba na nyumba ya vyumba viwili. Aliamua kujenga anexe tatu nyuma. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha kumaliza moja tu. Mpangaji wa kwanza alipoingia, alitoa garanti ya miezi 6 kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wengi mjini: dola 50 mara 6, jumla dola 300. Kwa pesa hiyo mama akanunua mabati ya anexe ya pili. Garanti ya mpangaji wa pili ikawa milango na madirisha ya anexe ya tatu. Garanti ya mpangaji wa tatu ikawa sementi ya kupiga plasta na ya kumalizia choo. Sisi watoto tulimsifu sana. Tulisema mama amejenga nyumba tatu kwa mtaji wa moja.

Kisha mpangaji wa kwanza, ambaye alikuwa shofa, akapata kazi Kolwezi. Alitoa taarifa vizuri, akasafisha nyumba, akaomba dola zake 300. Hazikuwepo. Mama alimwomba akae amalize garanti, maana yake akae miezi 6 bila kulipa. Mtu yule angekaaje, na mke na watoto walikuwa wamekwisha kutangulia? Alirudi mara tatu, mara ya nne akaenda kwa shefu wa kartieri. Mama aliitwa mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kudaiwa hata kilo moja ya unga.

Alilipa namna gani? Alitafuta mpangaji mpya haraka, akamwomba miezi 6, akachukua zile dola 300 na kumpa yule wa zamani. Watu wakasema mambo yamekwisha. Hayakuisha, maana shimo lilihama tu kutoka anexe moja kwenda nyingine. Kwa miaka miwili hivi kila mpangaji aliyetoka alilipwa na aliyeingia. Siku moja yaya yangu alikaa na daftari akahesabu: wapangaji watatu, kila mmoja dola 300. Mama alikuwa na deni la dola 900 ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliandika popote, kwa sababu sisi wote tuliliita faida.

Garanti ni pesa ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwako. Siku anapotoka, ukiondoa madeni ya pango na uharibifu aliousababisha, inarudi kwake. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba usio wa biashara, imeweka kikomo: kwa nyumba ya kukaa, garanti haipaswi kupita miezi 3. Wenye nyumba wengi wanaichukua sheria hiyo kama adui. Mimi, baada ya kuyaona ya mama, naiona kama kinga yao pia. Mwenye kushika miezi 3 ana deni nusu ya yule mwenye kushika miezi 6. Na mpangaji ambaye hakukamuliwa siku ya kuingia ana nafasi kubwa zaidi ya kulipa mwezi wa pili na wa tatu.

Hesabu ambayo komisionere hatakufanyia

Komisionere anayekutafutia wapangaji, na ambaye mara nyingi huchukua pesa ya mwezi mmoja kama malipo yake, atakupigia hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa anexe tatu za dola 50. Ni dola 150 kwa mwezi, 1800 kwa mwaka. Ikiwa ujenzi ulikula dola 7000, atakuambia kwamba chini ya miaka 4 pesa yako imerudi.

Sasa tuhesabu kama mtu anayekaa ndani ya kiwanja hicho. Kila anexe inaweza kukaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka, kati ya mpangaji kutoka, kupiga rangi, na mwingine kuingia. Hapo umepoteza 150, zinabaki 1650. Kuna kodi ya mapato ya upangaji, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha Kifaransa, IRL. Kwa miaka mingi kiwango chake kilijulikana kuwa 22 kwa mia ya pango, na leo ni kodi ya mikoa, kwa hiyo kiwango cha sasa uliza kwenye ofisi ya kodi ya mkoa wako, usimuulize jirani. Kwa 22 kwa mia, zinaondoka 363, zinabaki 1287. Kufuli, bati lililopeperuka, choo kilichojaa: tuweke 140 tu. Zinabaki 1147. Miaka 4 imekuwa zaidi ya 6, na hatujamhesabu mpangaji anayekaa miezi mitano bila kulipa.

Miaka 6 si mibaya. Ni mibaya kwa yule tu aliyekopa pesa ya kurudisha ndani ya miaka 2, ama aliyeingiza pesa ya likelemba ambayo zamu ya wengine inaingoja. Swali la kwanza kwa mwenye kutaka kujenga ni hilo: pesa hii naweza kuisahau kwa muda gani?

Mpangaji asiyelipa ni habari nyingine. Kuna wenye nyumba wanaong'oa mlango ama mabati ili atoke. Nimeshaandika habari za namna hiyo, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye aliyejikuta polisi. Njia ni kwanza kwenda kwenye huduma ya makazi ya komini kutafuta mapatano, na yakishindikana, mahakama ya amani. Ni njia ndefu, nakubali. Inakuwa ndefu zaidi kama hakuna mkataba ulioandikwa, maana hapo kila mmoja anakuja na maneno yake.

Karatasi kabla ya tofali

Mama alikuwa na bahati moja: kiwanja kilikuwa chao tangu zamani. Wanaonunua leo, hasa pembezoni upande wa komini Annexe inayozunguka mji, wanaanza na shida kubwa kuliko garanti. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuoni alinunua huko. Alikuwa na karatasi ya kuuziana yenye sahihi na mashahidi. Alipomaliza msingi wakaja watu wawili, kila mmoja na karatasi zake za kiwanja kilekile. Faili iko mahakamani, na majani yamefunika msingi.

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Unachonunua ni haki ya kuutumia, yaani konsesyo. Kwa raia wa Kongo inaweza kuwa ya kudumu. Na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: certificat d'enregistrement inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Fiche parcellaire siyo. Barua ya shefu wa kartieri siyo. Karatasi ya kuuziana inaonyesha kwamba pesa ilitoka mkono huu ikaingia mkono ule, lakini haionyeshi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Mkataba wa upangaji wa Serikali, ule usiozidi miaka 3, ni hatua ya kwanza ambayo ndani yake unatakiwa kukiendeleza kiwanja. Ukiachwa bila kufuatiliwa, unaweza kukupotezea haki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja ya kushika bei, chukua kopi ya hati ya muuzaji uende mwenyewe, bila komisionere, kwenye ofisi ya ardhi inayohusika na eneo lile. Omba waangalie kitabuni: jina lililoandikwa ni la huyu? Kuna deni la benki juu yake? Kuna kesi? Kisha lipia mpimaji wa kadasta aje kutafuta mawe ya mpaka na kulinganisha na hati. Mimi ningeongeza jambo moja lisilo na gharama: kaa saa moja kwa mama anayeuza mandazi kwenye kona ya avenyu ile, umuulize kiwanja hiki kilikuwa cha nani. Anajua.

Swali lingine watu wanaona haya kuliuliza: mke yuko wapi? Kanuni ya Familia inataka wanandoa wote wawili wakubali kabla ya kuuza konsesyo, hata kama hati ina jina la mume peke yake. Na kama kiwanja ni cha marehemu, nani walirithi? Ni jambo la kawaida mjini kwetu: mtoto aliyebaki nyumbani anauza, ndugu zake wako Likasi na Kolwezi, mwaka unaofuata wanarudi na wakili. Mnunuzi anawaonyesha ukuta wake mzuri, lakini ukuta haujibu swali la hakimu.

Na ukishanunua, badilisha jina. Wengi wanaishia kwenye karatasi ya kuuziana kwa sababu gharama za kubadilisha zinawaogopesha. Wanajenga juu ya hati yenye jina la mtu mwingine, na mtu huyo siku moja atakufa na kuacha watoto.

Kichuguu, kisima na kompta

Kuna mambo ya Lubumbashi ambayo vitabu vya biashara havisemi. Kiwanja chenye kichuguu kikubwa, vile vya kwetu vinavyopita urefu wa nyumba, watu wengine wanakikimbia. Fundi mwenye akili anakitafuta. Udongo wake ndio unaofaa kwa tofali za kuchoma, na tofali zinazotengenezwa papo hapo hazilipi gari. Lakini tofali zinafyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi. Ukianza Oktoba, mvua itakukuta na tofali mbichi, utazitazama zikirudi kuwa udongo. Kuni za kuchomea nazo, tangu misitu ya karibu iishe, zinazidi kutoka mbali.

Nenda pia ukakione kiwanja mvua inaponyesha. Cha bei nafuu mwezi wa Julai, mara nyingi utajua sababu yake mwezi wa Januari.

Pale maji ya REGIDESO hayafiki, kuna kisima, na hapo anexe ya tatu inahitaji kufikiriwa mara mbili. Wataalamu wa afya wanashauri mita 30 kati ya kisima na choo. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 25, hebu jaribu kuzipata. Familia nne kwenye choo kimoja, kisima pembeni, katika mji ambao kipindupindu kimeshaupiga zaidi ya mara moja: pango la chumba cha mwisho linaweza kulipwa kwa ugonjwa wa watoto wako mwenyewe, maana mwenye nyumba naye anakunywa maji yale. Kompta moja ya SNEL kwa wote ni ugomvi mwingine. Mwenye resho anasema hapiki, mwenye friji anasema imeharibika, na bili inafika. Kama unaweza kutenganisha kompta tangu siku ya kwanza, tenganisha.

Mama sasa anachukua miezi 3. Anaandika mkataba kwa kurasa mbili, mpangaji na yeye wanapita pamoja kuangalia kila mlango na kila kioo, wanatia sahihi. Garanti haikai nyumbani. Yaya yangu anaiweka kwenye akaunti ambayo mama hana kadi yake, kwa ombi la mama mwenyewe. Kwa wapangaji watatu inapaswa kuwa dola 450. Zile za zamani zilizoliwa anazirudisha kidogo kidogo, kutoka katika pango.

Mwezi uliopita fundi alikuja kumshawishi ajenge anexe ya nne, mahali pale kichuguu kilipokuwa. Nafasi ipo, na tofali zilizobaki zinatosha nusu ya ukuta. Mama alimpa kiti na maji ya kunywa, kisha akamwambia arudi akaunti itakapotimia. Zinabaki dola 120.