Mizani Isiyojua Kwamba Iko Mbinga

Msimu wa kahawa Mbinga huangukia Juni na Julai, baridi ya milima ya Umatengoni ikiwa kali kweli kweli, na ugomvi wa msimu huanza siku ileile mizani inapowashwa. Mkulima amepima gunia lake kwa jirani mwenye duka, akapata kilo 60. Kwenye chama cha msingi karani anasoma 59.4. Mmoja anaona amepunjwa, mwingine anaonyesha stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni, na foleni nyuma yao inanung'unika. Inawezekana kabisa wote wawili wanasema kweli.

Chini ya lile bati la mizani ya kielektroniki hamna springi wala mawe. Kuna kipande cha alumini au chuma kilichotobolewa katikati ili kijipinde kwa urahisi, na juu yake umegandishwa utepe mwembamba wa metali uliokunjwa kwenda na kurudi. Gunia likitua, chuma hujipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Utepe nao unavutika, unarefuka na kukonda, na umeme unapata taabu zaidi kupita. Mizani inasoma taabu hiyo, kisha inaigeuza kuwa kilo. Wazo hili walilipata Wamarekani wawili mwaka 1938, Edward Simmons kule California na Arthur Ruge kule Massachusetts, kila mmoja bila habari za mwenzake.

Badiliko lenyewe ni dogo mno. Kipimo cha kawaida, yaani kile kipande chenye utepe, kikipewa volti 5, mzigo wa juu kabisa huzaa kama milivolti 10 tu. Mizani ya kilo 150 inayosoma kwa hatua za gramu 50 inazigawa hizo milivolti 10 mara 3,000, yaani kila hatua ni kama mikrovolti tatu. Ndiyo maana mizani hii hudekadeka. Baridi ya asubuhi hubadilisha ugumu wa chuma na tabia ya utepe, kwa hiyo karani anayejua kazi huiwasha nusu saa kabla ya kupima gunia la kwanza. Sakafu ikiwa imeinama, mzigo haukai sawa. Upepo ukisukuma gunia, namba zinacheza. Hata simu inayoita pembeni yake inaweza kuiyumbisha mizani ya bei rahisi.

Watu wanaoyajua maudhi haya kuliko wote pengine ni wawindaji na walenga shabaha wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi zao. (Hapa Tanzania hilo si jambo la kufanyia nyumbani, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa.) Wenzetu hao hupima baruti kwa kizio kiitwacho grein, ambacho ni gramu 0.0648, na mashine zao husoma sehemu moja ya kumi ya hiyo, karibu miligramu sita na nusu. Mota huzungusha bomba linalomwaga baruti kwa kasi, ikikaribia kiasi inapunguza mwendo, mwishoni inadondosha punje kwa punje. Punje zilizo hewani bado hazijapimwa, hivyo mashine lazima isimame mapema kidogo. Kuna ujanja mwingine wamelazimika kuuzoea. Mizani nyingi za kielektroniki hujirekebisha zenyewe zikiwa kwenye sifuri, ili vumbi na joto visizipotoshe, na kitu kikiongezwa polepole sana juu ya sahani tupu zinakidhania ni vumbi. Mizani ya kahawa nayo ina tabia hiyo: dondosha buni mojamoja kwenye bati tupu, taratibu, na kwa muda namba haitasogea.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya jambo moja ambalo karani haambiwi anapokabidhiwa mashine. Mizani hii haijui gunia lina kahawa kiasi gani. Inachojua ni jinsi dunia inavyolivuta gunia kuelekea chini, na mvutano huo hauko sawa kila mahali. Kwenye ncha za dunia unauzidi ule wa ikweta kwa karibu nusu asilimia, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba kiunoni. Na ukipanda mlima unapungua tena kidogo. Mbinga iko kama nyuzi 11 kusini mwa ikweta, tena juu. Mizani iliyowekwa sawa kiwandani Ujerumani, ikafunguliwa kutoka kwenye boksi Mbinga na kutumika hivyohivyo, itasoma pungufu kwa takriban asilimia 0.3: gunia la kilo 100 litaonekana 99.7. Iliyowekwa sawa Shanghai itapunguza kama gramu 150.

Gramu 150 kwa mkulima mmoja si hoja. Kwa chama kinachokusanya tani 200 ni kilo 300. Na kama ghala kuu lina mizani iliyorekebishwa hapahapa, kahawa ileile ikifika kule itaonekana imeongezeka, na hapo itazaliwa ziada isiyo na mwenyewe. Sihitaji kueleza ziada ya namna hiyo huwa inakwenda wapi.

Mizani ya zamani ya mikono miwili na mawe haina tatizo hili, maana mvutano unaolivuta gunia ndio unaolivuta jiwe. Dawa ya mizani ya kisasa ni hiyohiyo: jiwe lililothibitishwa, liwekwe juu ya bati mizani ikiwa mahali itakapofanyia kazi, na mashine ifundishwe kwamba hii ndiyo kilo 20. Baadhi ya mizani zina sehemu ya kuingiza namba ya mvutano wa mahali, lakini mimi naamini jiwe zaidi.

Mkulima asiye na jiwe anaweza kufanya majaribio mawili. Aweke gunia katikati ya bati, kisha kila pembe. Namba zikitofautiana sana, huenda kimojawapo cha vipimo vya chini kimechoka. Apime magunia mawili, moja moja, kisha yote kwa pamoja. Jumla isipolingana kuna kasoro. Ila ajue kwamba mizani iliyokuja na mvutano wa Ulaya itafaulu majaribio yote mawili bila wasiwasi.

Tukirudi kwenye zile kilo 60 zilizokuwa 59.4: upungufu wa asilimia moja hauwezi kuelezwa na mvutano peke yake. Maji yanatosha kuueleza. Kilo 100 za kahawa yenye unyevu wa asilimia 12 zikikauka hadi asilimia 11 zinabaki kilo 98.9. Siku za jua kali kwenye vichanja zinatosha kuondoa uzito mkubwa kuliko kosa lolote la safari ya kutoka Shanghai. Ukipima nyumbani Jumatatu na chamani Ijumaa, hujapima kitu kilekile.

Ukiteremka hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay au Liuli, dagaa wakavu hupimwa kwa ndoo na visado, na huko ujazo unadanganya kuliko mizani yoyote: dagaa waliolegezwa wanajaza ndoo, wakitikiswa wanashuka vidole viwili. Vikundi vya wavuvi vinavyotaka mizani huuliza kama vinaweza kuazima ile ya chama cha kahawa mlimani. Vinaweza. Ziwa liko mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata ukishuka mita 1,000 kutoka Umatengoni, kilo 100 zitabadilika kwa gramu 20 hadi 30, chini ya hatua moja ya mizani ya gramu 50. Kinachoharibu zaidi ni mtikisiko wa njiani na maji ya ufukweni yanayoingia kwenye nyaya. Kwa hiyo anayenunua mizani ya kufanyia kazi pande zote mbili atafute yenye vipimo vilivyozibwa dhidi ya maji, na lakiri ya Wakala wa Vipimo iwe nzima.