MATUNDU YA BONETI NA UPOZAJI WA INJINI ZA TURBO

Msimu wa kukusanya mazao unapowadia, gari la chama hupewa kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa vyama vya Kemambo na jirani zake wa Tarime na Serengeti, gari lililosheheni hutoka bonde la mto Mara na kupanda kuelekea nyanda za juu za Tarime. Katika kupanda huko ndipo mshale wa joto husogea kwenye alama nyekundu. Injini ikiharibika wakati huo, mazao hulala ghalani, malipo ya wakulima huchelewa, na gharama ya matengenezo hutolewa katika mfuko wa wanachama wote. Kwa hiyo ni vyema makatibu na wanachama waelewe jinsi injini ya turbo inavyopozwa, na hasa kazi ya yale matundu yaonekanayo juu ya boneti za baadhi ya magari.

Turbo na joto lake

Turbo ni pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka katika injini. Ya pili huvuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huungua, na injini ndogo hutoa nguvu ya injini kubwa.

Faida hiyo ina gharama yake. Hewa inaposhindiliwa hupata joto, kama inavyojulikana na kila aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo. Hewa itokayo katika turbo huweza kupita nyuzi 100 za Sentigredi. Tena hewa ya moto hutanuka, hivyo ile inayoingia katika silinda huwa pungufu ya ile iliyokusudiwa. Ndiyo sababu watengenezaji waliweka intakula, yaani kipozeo kinachofanana na rejeta ndogo, ambamo hewa hiyo hupita na kupungua joto kabla ya kuingia katika injini.

Nchi ya Mara huongeza uzito wa jambo hili. Ziwa Victoria lenyewe liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ardhi ya Tarime hupanda kutoka hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, na huchukua joto kidogo kuliko hewa ya pwani. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Mfuniko wa rejeta wenye springi huyabana maji yasichemke mapema; mfuniko uliochoka huiondolea injini kinga hiyo.

Mdomo wa kuingizia hewa

Matundu ya boneti ni ya aina mbili, na kazi zake ni tofauti. Aina ya kwanza ni mdomo ulioinuka, ukielekea mbele. Katika magari mengi intakula hukaa mbele ya rejeta, na mdomo huo hauhitajiki. Lakini katika magari kama Toyota Hilux ya injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0, au Subaru Impreza ya turbo, intakula imelazwa juu ya injini. Bila mdomo, ingezungukwa na hewa ya moto ya injini yenyewe. Mdomo huichota hewa ya nje na kuishusha moja kwa moja juu ya intakula.

Ukingoni mwa njia hiyo kuna mpira wa kuzibia. Mpira huo ukikatika au ukiachwa gereji, hewa hupita pembeni, na mdomo hubaki pambo.

Mdomo una mpaka wake pia. Nguvu ya hewa inayoingia hufuata mwendo wa gari, na mwendo ukipungua mara nne, nguvu hiyo hupungua mara kumi na sita. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupata upepo wa kutosha. Likipanda mlima na shehena kwa kilomita 20, mdomo husaidia kidogo sana. Hapo injini hutegemea feni, rejeta safi na busara ya dereva.

Matundu ya kutolea joto

Aina ya pili ni matundu bapa, mara nyingi yenye vipande kama vya dirisha la luva. Haya hayaingizi hewa, huitoa. Hewa iliyopita katika rejeta lazima ipate njia ya kutoka, kwani ikisongamana chini ya boneti, hewa mpya hushindwa kuingia. Gari likiwa katika mwendo, msukumo wa hewa juu ya sehemu ya mbele ya boneti huwa mdogo, hivyo tundu lililowekwa hapo hunyonya joto lililo chini. Toyota Celica ya turbo iliyoshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1992, ikiendeshwa na Carlos Sainz, ilikuwa na boneti yenye matundu.

Makosa ya kuepukwa

Baadhi ya mafundi huinua nyuma ya boneti kwa kuweka vipande vya chuma kwenye bawaba, ili joto litoke. Lakini karibu na kioo cha mbele hewa hugonga na kusongamana. Gari likienda kasi, hewa hurudi ndani ya boneti badala ya kutoka, na harufu ya oili huweza kuingia kwa abiria. Wengine hubandika mdomo juu ya boneti isiyotobolewa, au juu ya injini isiyo na turbo, kama ile ya 1HZ ya Land Cruiser. Pambo hilo halipozi kitu. Kutoboa boneti ovyo nako huingiza mvua na vumbi kwenye nyaya.

Wajibu wa chama

Kabla ya kuidhinisha fedha za kununua au kutengeneza gari, kamati ihakikishe kwamba rejeta na intakula zimesafishwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yakitoka upande wa injini kwenda mbele. Kwamba mpira wa kuzibia upo. Na kwamba feni, mfuniko wa rejeta na kichujio cha hewa ni vizima. Dereva atumie gia ya chini mlimani, na baada ya kupanda aiache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuipoza turbo. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Ukaguzi huo hauchukui nusu saa. Katibu akiuandika katika daftari la gari kila juma, wanachama watajua kwamba mali iliyonunuliwa kwa jasho lao inatunzwa.