Fayawoli ikifa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nani anashika zamu?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naongea na wale ambao biashara imeshatoka kwenye simu moja na kuingia stoo. Kama bado unauza kwa WhatsApp na simu yako tu, hii isikusumbue. Weka laini ya pili ya mtandao mwingine, hela inayobaki ongeza mzigo.

Sisi tuko wanne, tunachangia stoo moja Dar. Humo kuna seva ndogo yenye orodha ya mzigo na oda, printa ya lebo na kamera. Mabinti wawili wanaopokea oda wanafanya kazi wakiwa kwao, wanaingia kwenye seva kwa VPN. Vyote vinapita kwenye fayawoli, yaani kale kaboksi kanakokaa kati ya intaneti na vifaa vyako na kuamua nani aingie, nani abaki nje.

Jumamosi moja, mishahara imetoka, kaboksi kakaungua. Meseji za malipo zinaingia kwenye simu, ila mabinti hawaoni stoo imebaki na nini. Wakawa wanauza kwa kukisia. Gauni moja likauzwa kwa watu watatu! Hela tulirudisha, lakini wawili kati ya hao hatujawaona tena.

Hapo ndipo tulipoamua kuweka fayawoli mbili. Tulitafuta kompyuta ndogo mbili za mtumba zinazofanana, kila moja na matundu matatu ya waya wa mtandao, tukaweka OPNsense, programu ya bure. Moja ni kiongozi, nyingine msaidizi.

Mchezo wote uko kwenye anwani ya tatu. Kiongozi ana 192.168.10.2, msaidizi ana 192.168.10.3, halafu kuna 192.168.10.1 ambayo anaishika yule aliye zamu. Seva, printa na kamera zote unazielekeza kwenye hiyo ya mwisho. Utaratibu unaitwa CARP, ulianzia kwa watengenezaji wa OpenBSD. Kila sekunde kiongozi anatuma salamu, "nipo". Salamu zikikosekana kama sekunde tatu hivi, msaidizi anaichukua anwani na kazi inaendelea.

Tundu la tatu ni la waya unaoziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Humo zinapeana kumbukumbu za mawasiliano yanayoendelea, na mipangilio inanakiliwa kutoka kwa kiongozi kwenda kwa msaidizi. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha kitu, badilisha kwa kiongozi tu. Nilibadilisha kwa msaidizi, kesho yake kila kitu kimefutika, nikadhani nimelogwa.

Kosa lililotutesa zaidi lilikuwa hili: salamu za "nipo" hazipiti kwenye waya huo, zinapita kwenye swichi ya kawaida. Swichi yetu ilikuwa inazizuia. Msaidizi akaona kimya, akajua mwenzie kafa, akajipa uongozi, na kiongozi naye bado yupo. Anwani moja, wenyewe wawili. Intaneti inakuja, inakatika, inakuja. Fungua ukurasa wa hali ya CARP kwenye kila moja: moja lazima iandike MASTER, nyingine BACKUP. Zikiandika MASTER zote mbili, anza kukagua swichi na waya.

Upande wa intaneti wengi mnakwama kwa sababu kampuni inakupa anwani moja tu. Acha ruta yao mbele, chomeka fayawoli zote mbili humo, na upande huo pia weka anwani ya zamu. Kisha iambie ruta ipeleke VPN kwenye hiyo anwani ya zamu.

Na umeme jamani. Nimeona mtu kaweka jozi safi kabisa, zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja! Kila moja iwe na UPS yake.

Fayawoli mbili haziponyi laini iliyokatika. Ongeza laini ya pili, hata ruta ya 4G, ila usidhani kampuni mbili ni njia mbili mpaka mwisho. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti Tanzania ilizorota na wateja wa kampuni tofauti waliumia pamoja. Siku kama hiyo, orodha ya mzigo ikiwa kwenye seva ya stoo, walioko stoo bado wanaiona.

Ukimaliza, usingoje Jumamosi. Sisi tulichagua Jumanne asubuhi, binti mmoja yuko hewani anaandika oda, nikachomoa umeme wa kiongozi. VPN yake ilikatika kidogo, ikarudi yenyewe. Akanipigia: "Kaka, mbona umeniambia nikae tayari, kwani kuna nini?"