HESABU YA MAJI IFIKE MWISHO WA MFEREJI

Kugawa maji ni jambo moja. Kujua mgawo huo umemtendea nini mwananchi ni jambo jingine. Twasema hivi kwa kuyatazama yaliyoupata Mto Ruaha Mkuu.

Maji ya mto huu hunywesha majaruba ya mpunga ya Usangu, hupita Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Basi mkulima, mfugaji, mvuvi na mfanyakazi wa kiwandani wote huteka katika mtungi mmoja. Tangu mwaka 1993 mto ukawa unakatika hifadhini wakati wa kiangazi, na lawama zikaanza.

Katika miaka ya 1990 mabanio ya saruji yalijengwa, na wenye haki ya maji wakatozwa ada. Nia ilikuwa njema. Lakini banio imara laweza kuumeza mto wote wakati wa kiangazi, na cheti chenye kiasi kile kile cha maji hakimfai aliye chini mto unapopungua. Wa juu hupata maji. Wa chini huona mchanga.

Mwaka 2006, umeme ukiwa wa mgao, wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu, na wengi wakapelekwa Lindi na Pwani. Hata hivyo wataalamu walikwisha kueleza ya kwamba bwawa la Mtera hujazwa na maji ya masika. Ya kiangazi ni sehemu ndogo tu, na jinsi maji yalivyofunguliwa bwawani nayo ilichangia upungufu. Kukauka kwa mto ni hasara kubwa, hapana shaka. Lakini dawa haikulingana na ugonjwa: watu walipoteza mifugo yao, na mto ukaendelea kukauka.

Sheria ya mwaka 2009 yatanguliza mahitaji ya binadamu, kisha mazingira. Ni sheria ya haki, ila haki hupimwa kwa matokeo. Kwa hiyo twataka kila ofisi ya bonde isihesabu lita peke yake. Ihesabu magunia ya mkulima wa mwisho wa mfereji, mwendo wa mama mwenye ndoo, ng'ombe waliokufa, ugomvi uliofika barazani, na saa ambazo mashine za kiwanda zilisimama. Hesabu hiyo isomwe hadharani vijijini kila mwaka.

Pasipo hesabu, ndugu wananchi, lawama humwangukia asiye na msemaji.