Picha ya Ubongo kwa Mtoto Mwenye Upungufu wa Homoni ya Ukuaji

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na pituitari, tezi ndogo kama punje ya haragwe iliyolala katika kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Juu yake ipo haipothalamasi, inayoiamrisha kupitia kikonyo chembamba. Mtoto asiyepata homoni hii ya kutosha hurefuka polepole mno: baada ya umri wa miaka 4 na kabla ya kubalehe, mara nyingi huongezeka chini ya sentimita 4 au 5 kwa mwaka. Picha ya ubongo hutafuta chanzo cha upungufu huo. Kuuthibitisha upungufu wenyewe si kazi yake.

Mjini Goma, jimboni Kivu Kaskazini nchini Kongo, tofauti hiyo kati ya kutafuta chanzo na kuthibitisha upungufu ina uzito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na jimbo hilo lilikuwa juu ya wastani huo. Mtoto mfupi anayefikishwa hospitali kutoka mitaa kama Majengo au Mugunga mara nyingi amedumazwa na lishe duni na maradhi ya kujirudia. Hata damu yaweza kumpotosha daktari: katika utapiamlo mkali homoni ya ukuaji huwa juu, ilhali IGF-1, ambayo ini huizalisha kwa kuchochewa na homoni hiyo, hushuka. Anayesoma IGF-1 peke yake atadhani pituitari imelala.

Kwa hiyo hutangulia vipimo vya bei ndogo: urefu unaopimwa tena baada ya miezi 6, uzito, hali ya figo na thairoidi, eksirei ya kiganja cha kushoto ili kukadiria umri wa mifupa. Hufuata kipimo cha uchochezi, ambapo mtoto hupewa klonidini au glukagoni na damu huchukuliwa mara kadhaa. Familia inayovuka mpaka kwenda hospitali ya King Faisal, Kigali, Rwanda, kupiga picha ya MRI bila majibu hayo mkononi imetumia fedha kabla ya wakati. Isipokuwa mtoto anaumwa kichwa na kutapika asubuhi, haoni vizuri pembeni, au ana kiu na mkojo mwingi: huyo huenda ana uvimbe, na picha yake haisubiri.

MRI, au IRM kwa waganga wa Kongo, hutumia sumaku badala ya mionzi. Pituitari hupigwa kwa vipande vya unene wa milimita 2 hadi 3. Kwa kawaida sehemu yake ya nyuma huonekana kama doa jeupe ling'aalo. Kwa baadhi ya watoto doa hilo limepanda karibu na haipothalamasi, kikonyo kimekatika au hakionekani, na sehemu ya mbele imesinyaa. Hiyo ni kasoro ya kuzaliwa nayo, na mtoto huyo afuatiliwe kwa miaka, maana kortisoli na homoni nyingine huweza kupungua baadaye. Skana ya CT huonyesha vizuri chokaa ya uvimbe uitwao kraniofaringioma, lakini kikonyo hukionyesha vibaya.

Mtoto hulala tuli nusu saa au zaidi. Wadogo hupewa dawa ya usingizi. Kivu, swali la chuma mwilini halirukwi: kipande cha bomu kilicho karibu na jicho kinaweza kusogezwa na sumaku, hivyo penye shaka eksirei hutangulia.

Watoto wengi waliopungukiwa na homoni hii pekee huwa na MRI isiyo na kasoro. Wao pia hustahili sindano za homoni, mradi vipimo vya damu vimethibitisha upungufu.