Konea mpya kwa mtoto: Upasuaji mgumu ambao Shinyanga na Geita zinaweza kuuepuka

MTOTO mdogo anapopatwa na surua, wazazi wengi huangalia homa, vipele na kikohozi. Jicho jekundu linalotoa machozi na kukwepa mwanga huonekana kuwa jambo dogo litakaloisha pamoja na ugonjwa wenyewe. Lakini ni katika siku hizo chache ambapo mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa maisha yake yote.

Sehemu inayoathirika ni konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu. Hupata oksijeni kutoka hewani, na lishe kutoka kwenye machozi na maji yaliyomo ndani ya jicho. Konea ikipata kidonda kirefu, hupona kwa kuacha kovu jeupe ambalo watu wengi hulichanganya na mtoto wa jicho.

Tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi iliyo nyuma ya mboni, na lenzi hiyo huondolewa na kuwekwa nyingine iliyotengenezwa kiwandani. Konea iliyoharibika, kwa kawaida, hubadilishwa kwa konea iliyotolewa kwa binadamu aliyefariki dunia.

Tiba hiyo si ngeni. Desemba 7, 1905, daktari Eduard Zirm alifanya upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa katika mji wa Olomouc, ambao leo upo katika Jamhuri ya Cheki. Mgonjwa wake, Alois Glogar, alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Konea aliyopewa ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lililazimika kuondolewa baada ya kuumizwa na kipande cha chuma.

Katika upasuaji wa kawaida, daktari hukata duara la konea iliyoharibika lenye upana wa milimita saba hadi nane, kisha hushona nyingine mahali pake kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kwa mtu mzima, kazi hiyo huenda vizuri mara nyingi. Kwa mtoto ni mtihani mwingine kabisa.

Kwanza, jicho la mtoto ni laini na hupoteza umbo lake kwa urahisi wakati wa upasuaji. Pili, kinga ya mwili wake ni kali zaidi, hivyo uwezekano wa kuikataa konea ya mtu mwingine ni mkubwa. Tatu, nyuzi hulegea mapema. Kwa mtoto mchanga huweza kuhitaji kutolewa baada ya wiki chache tu, wakati kwa mtu mzima hukaa hata mwaka na zaidi. Kila uchunguzi wa karibu kwa mtoto mdogo huweza kuhitaji dawa ya usingizi, na matone ya kuzuia jicho kuikataa konea hutumika kwa miezi mingi.

Lililo zito zaidi lipo nje ya jicho. Ubongo hujifunza kuona katika miaka saba au minane ya mwanzo. Jicho lililozibwa na kovu katika kipindi hicho hubaki vivu, na konea mpya ikiwekwa kwa kuchelewa, jicho linaweza kuwa angavu lakini lisione vizuri. Kwa familia ya Kishapu au Nyarugusu, maana yake ni safari nyingi za kwenda hospitali kubwa, kwa miaka, na si safari moja ya upasuaji. Daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limerahisisha njia ya kutoka Geita kwenda Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, lakini nauli na siku za kazi zinazopotea bado ni mzigo wa mzazi.

Konea zenyewe ni adimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kuwa watu milioni 12.7 duniani walikuwa wakisubiri upandikizaji, na kwamba konea moja ilipatikana kwa kila watu 70 wanaoihitaji. Ethiopia ilianzisha benki yake ya macho mwaka 2003, lakini kwa sehemu kubwa ya Afrika huduma hiyo bado ni haba.

Kwa sababu hiyo, swali la msingi kwa Shinyanga na Geita ni jinsi ya kuzuia kovu lisitokee. Mwaka 1987, wataalamu Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea. Asilimia 37 ya vidonda hivyo ilihusishwa na surua ya muda mfupi uliopita, na upungufu wa vitamini A ulikuwa chanzo kikuu cha vidonda vya macho yote mawili. Dawa za kienyeji zilizotiwa machoni nazo zilichangia.

Sababu hizo zote zina kinga. Chanjo ya surua hutolewa bure mtoto akiwa na miezi tisa na kurudiwa akiwa na miezi 18. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi sita hadi 59. Nyumbani, michembe ya viazi vyeupe hushibisha lakini haina vitamini hiyo ya kutosha. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, mchicha, papai na maembe vinayo.

Katika ukanda wa dhahabu ipo hatari nyingine. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi katika machimbo madogo, yakiwamo ya Geita na Kahama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi hiyo, lakini anayeponda mawe bila miwani anaweza kuchomwa jicho na chembe moja tu.

Jicho lililochomwa halipaswi kusuguliwa wala kukandamizwa. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Likiingiwa na kemikali au chokaa, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15. Maji ya majani, mkojo au matone yaliyonunuliwa dukani bila uchunguzi yanaweza kugeuza mkwaruzo kuwa upofu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jicho la mtoto, ukuta huo ni konea ya marehemu isiyopatikana kirahisi, wakati ufa unaweza kuzibwa kwa chanjo ya bure katika zahanati iliyo karibu.