Takataka za Mgodi wa Hallstatt

Hallstatt, kijiji cha Austria chenye wakazi wasiofika 800, kimebanwa kati ya ziwa na mlima. Ardhi ni haba hata makaburini: zamani mafuvu yalifukuliwa baada ya miaka kadhaa, yakachorwa maua na majina, kisha yakapangwa katika nyumba ya mifupa ili maiti wapya wapate nafasi. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, aliyetaka kufika huko alipanda mashua au alifuata vijia vya mlimani. Kilichowafanya watu wang'ang'anie mahali pagumu namna hii ni chumvi.

Chumvi hiyo ni masalia ya bahari iliyokauka miaka milioni 250 hivi iliyopita. Milima ya Alpi ilipoinuka, ilipanda nayo hadi kwenye bonde lililo juu ya kijiji, na watu wanaifuata huko tangu miaka 7,000 iliyopita. Mwaka 1607 ulikamilika mfereji wa magogo yaliyotobolewa, wenye urefu wa kilomita 40, wa kupeleka maji ya chumvi hadi Ebensee, kwa kuwa kuni za kuyachemshia zilikuwa zimeadimika.

Lakini kwangu mimi, hazina kubwa ya Hallstatt ni takataka. Wachimbaji wa kale waliacha chini vijiti walivyomulikia, kamba, mikoba ya ngozi, vitambaa, hata vinyesi vyao. Uzito wa mlima ukayaziba mashimo, na chumvi ikawanyima bakteria maji, kama inavyomkinga ng'onda asioze. Mwaka 2003 ilipatikana ngazi ya mbao ambayo pete za miti yake zinaonyesha kuwa ilikatwa mwaka 1344 na 1343 KK. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulipima vinyesi vya miaka 2,700 hivi na kukuta DNA ya kuvu wa jibini la buluu pamoja na hamira ya bia. Wachimbaji wale, kumbe, walijua kuchachusha vyakula!

Inauma kwamba maiti iliyohifadhiwa na chumvi, iliyoonekana mwaka 1734, ilizikwa tu na haikuchunguzwa. Afadhali Johann Georg Ramsauer, msimamizi wa mgodi, ambaye kati ya 1846 na 1863 alifukua makaburi 980 hivi na kuhakikisha yanachorwa kwa rangi, moja baada ya jingine. Vitu alivyovipata ndivyo vilivyofanya wanasayansi waite kipindi cha mwanzo cha zama za chuma Ulaya, 800 hadi 450 KK, kwa jina la kijiji hiki.

Mifupa ya makaburi hayo ina mengi ya kusema. Misuli ya wanaume iliacha alama za watu waliozoea kupiga sururu, na ya wanawake alama za kubeba mizigo mizito. Watoto nao hawakuachwa nyumbani: shingo zao zimelika kwa mizigo, na viatu vyao vidogo vya ngozi vimepatikana mgodini.